Namna ya Kuyapima Madai ya Vyama Kuhusu Sheria za Haki za Raia

Kila uchaguzi unapokaribia, majukwaa ya Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni, hujaa wanasiasa wanaodai kwamba chama chao ndicho kilichowapigania wanyonge Bungeni. Dai kama hilo linaweza kuchunguzwa na raia yeyote, kwa sababu kura za Bunge huandikwa na kuhifadhiwa. Nitaanza na mfano wa Marekani, ambao hutajwa sana na huhesabiwa kwa nadra, kisha nirejee kwenye kanuni yetu ya Kenya ya theluthi mbili ya jinsia, isemayo kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ahadi ya Katiba iliyopuuzwa kuliko zote.

Hatua ya kwanza ni kuigawa kura mara mbili, yaani kwa chama na kisha kwa eneo. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, ilipitishwa na Seneti ya Marekani tarehe 19 Juni kwa kura 73 dhidi ya 27. Maseneta 46 wa chama cha Democratic waliiunga mkono na 21 wakaipinga. Wa Republican, 27 waliiunga mkono na 6 wakaipinga. Anayeishia hapo, akiona kwamba sehemu kubwa zaidi ya Republican iliunga mkono, atahitimisha kwamba Republican ndio waliokuwa watetezi wakubwa zaidi wa Wamarekani weusi. Sasa yatenge yale majimbo 11 ya kusini yaliyojaribu kujitenga na Marekani miaka mia moja kabla ya hapo: kati ya maseneta wake 22, ni mmoja tu aliyeunga mkono, naye ni Ralph Yarborough wa Texas. Wenzake 20 wa Democratic walipinga, na Republican pekee aliyetoka majimbo hayo alipinga vilevile. Eneo alilotoka seneta, pamoja na wapiga kura aliowategemea, lilikuwa na uzito kuliko bendera ya chama chake. Kwa hiyo anayekupa hesabu ya vyama peke yake, mdai hesabu ya maeneo kabla ya kumwamini, wala usiruhusu sifa au lawama za chama cha mwaka 1964 zihamishiwe moja kwa moja kwa chama chenye jina hilohilo leo, kwani watu huhama: Strom Thurmond wa South Carolina aliupinga mswada huo akiwa Democratic, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameshajiunga na Republican.

Hatua ya pili ni kutazama mswada ulikwama wapi kabla ya kufika kwenye kura, maana anayetaka kuua mswada bila kulaumiwa huuchelewesha. Mswada wa Marekani ulipendekezwa na Rais John F. Kennedy mwezi Juni 1963, lakini Howard Smith wa Virginia, mwenyekiti wa kamati iliyopanga ratiba ya Baraza la Wawakilishi na mwanachama wa chama kilekile cha rais, alifanya kila aliloweza kuuzuia. Ulipofika Seneti, wapinzani wakiongozwa na Richard Russell waliongea kwa zamu tangu Machi hadi Juni ili kura isipigwe.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote: hesabu viti vilivyokuwa vitupu. Tarehe 10 Juni 1964, Seneti ilipopiga kura ya kuufunga mjadala huo, Clair Engle wa California aliletwa ukumbini akiwa mgonjwa wa uvimbe wa ubongo, hawezi kusema. Aliashiria kwa mkono, na ishara yake ikaandikwa kuwa kura ya ndiyo. Hoja ilipita kwa 71 dhidi ya 29, bila seneta hata mmoja kukosekana.

Linganisha na kwetu. Kifungu cha 81 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vinavyochaguliwa. Mswada wa kurekebisha Katiba unahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233 kati ya 349 wa Bunge la Kitaifa. Mwaka 2016 mswada wa kutekeleza kanuni hiyo uliowasilishwa na Aden Duale, aliyekuwa Kiongozi wa Wengi, ulipata kura 195, na uliporudishwa ukapata 178, ingawa vinara wa Jubilee, uliokuwa muungano tawala, na wa CORD, uliokuwa muungano wa upinzani, walikuwa wametangaza kuuunga mkono. Mwezi Februari 2019 waliohudhuria walikuwa 174 tu, na kura haikuweza kupigwa. Katika kura ya aina hii, mbunge aliyebaki nje ameupinga mswada sawasawa na aliyesema la, ila jina lake halionekani kwenye orodha ya wapinzani. Ndiyo maana hupaswi kuridhika na orodha hiyo.

Kazi yenyewe si kubwa kwa mkaazi wa Mombasa. Kaunti yetu ina wabunge sita, wa Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita, pamoja na Mwakilishi wa Wanawake na seneta mmoja. Andika majina manane, utafute Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ya siku ya kura katika tovuti ya Bunge, kisha uandike mbele ya kila jina: ndiyo, la, hakuegemea upande wowote, au hayumo. Kumbuka kwamba kura ikipigwa kwa sauti majina hayaandikwi. Hapo itakubidi usome michango yao katika mjadala.

Usisubiri mpaka kura ipite. Kifungu cha 256 kinataka siku 90 zipite kati ya kusomwa kwa mswada wa marekebisho ya Katiba mara ya kwanza na mara ya pili, na huo ndio wakati wa kumwandikia mbunge wako. Usimuulize msimamo wa chama chake. Muulize kama atakuwa ukumbini siku hiyo na atapigaje kura, umwombe ajibu kwa maandishi, na nakala ya jibu lake uisambaze barazani na katika vikundi vya mtaa wako. Asipojibu, Kifungu cha 119 kinakupa haki ya kuliandikia Bunge lenyewe ombi rasmi kuhusu jambo lolote lililo katika mamlaka yake.