Kununua nyumba ya chuma ya BISF Uingereza: benki kwanza, mkaguzi baadaye

Nilipompigia mama simu Tanga kumwambia nanunua nyumba ya mabati, alinyamaza, kisha akauliza kama huku Ulaya nako wanaishi kwenye mabanda. Si banda. Ni nyumba pacha ya ghorofa moja: chini imepigwa lipu, juu imevikwa bati lenye mikunjo ya wima, na ndani yake kuna mifupa ya nguzo za chuma. Ilichorwa na msanifu Frederick Gibberd kwa ajili ya shirikisho la viwanda vya chuma, BISF, na baada ya vita vya 1939–1945 halmashauri zilijengewa zaidi ya 30,000. Nyingi ziliingia sokoni baada ya sheria ya 1980 kuwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba walizokaa. Bei yake mara nyingi iko chini ya ile ya nyumba ya matofali ya mtaa uleule, na ndiyo maana unasoma hapa.

Kabla ya kutoa senti, hakikisha aina ya nyumba. Nenda na sumaku mfukoni. Bati la juu likiishika, ni chuma. Isiposhika, huenda bati limebadilishwa au uko mbele ya nyumba ya aina nyingine. Nyumba za muda za alumini za enzi hizo, kwa mfano, hazina ghorofa na zilikusudiwa kukaa miaka kama 10 tu. Tazama pia nyumba za jirani. Ile unayoitaka ikiwa imevishwa matofali, ya pili yake ambayo haijaguswa itakwambia asili ya zote mbili.

Sasa benki, na hapa ndipo wengi tunapoumia. Mimi nilimlipa mkaguzi kwanza, ripoti ikaja safi, halafu mkopeshaji akakataa kwa sababu nyumba "si ya ujenzi wa kawaida". Pesa ya ukaguzi ikaenda na maji. Kwa hiyo piga simu, au mtume dalali wa mikopo, uulize swali moja kwa jina: je, mnakopesha kwa nyumba ya BISF yenye fremu ya chuma, na kwa masharti gani? Omba jibu la maandishi. Anayetafuta mpango usio na riba aulize hilihili, kwani huko benki yenyewe ndiyo inayoinunua nyumba.

Utakutana na afisa atakayedai cheti cha ukarabati wa zege. Usihangaike kukitafuta. Sheria ya 1984 ya nyumba zenye kasoro iliorodhesha aina za nyumba za zege lililotengenezwa kiwandani, ambalo vyuma vyake vya ndani vilikuwa vinaliwa na kutu. BISF haimo katika orodha hiyo na cheti hicho hakiihusu. Mweleze kwa upole, na akishikilia, omba kuongea na anayeidhinisha mikopo.

Benki ikikubali, toa ofa kupitia dalali anayeuza nyumba na uchukue wakili wa uhamisho wa nyumba. Ofa hiyo haikufungi bado wewe wala muuzaji.

Hapo ndipo unamwita mkaguzi. Tathmini ya benki si ukaguzi; mtu wao anaangalia kama mkopo uko salama. Agiza ukaguzi wa Daraja la 3, ule wa kina zaidi, kutoka kwa mwanachama wa RICS, chama cha kitaalamu cha wakaguzi wa majengo, na umuulize amekagua BISF ngapi. Kama hajawahi, tafuta mwingine. Mwambie waziwazi kwamba unataka aione miguu ya nguzo, hasa za pembeni, kwa sababu huko ndiko kutu huanzia: mlizamu uliopasuka unamwagia maji palepale, lipu ina nyufa, au mtu alimwaga sakafu ya nje juu kiasi cha kufukia kitako cha ukuta. Kuiona kunahitaji kufungua kipande cha lipu au ubao wa ndani, na hilo linataka ruhusa ya muuzaji kwa maandishi. Muuzaji akikataa kabisa, mimi ningepunguza bei au ningeondoka.

Darini akague mambo mawili. Moja, kama ukuta wa kati unafika hadi chini ya paa bila mwanya wa kupitisha moto kutoka kwa jirani. Pili, paa lenyewe: mengi ya asili yalikuwa ya asbesto, na asbesto inaweza kuwa hata sehemu nyingine, maana Uingereza haikuipiga marufuku yote hadi 1999. Ikiwa nzima haina haraka; kuitoboa kwa drili ndiyo hatari.

Wakili naye mpe kazi mahususi: aombe vyeti vya halmashauri vya kukamilisha kazi kwa kila kilichobadilishwa, yaani paa, madirisha, matofali ya nje. Matofali yasiyo na cheti yananitia wasiwasi kuliko bati kuukuu, kwa sababu bati unaliona.

Bima itafute kabla ya kubadilishana mikataba, na taja fremu ya chuma. Ukificha, siku ya janga hulipwi. Mkishabadilishana mikataba na muuzaji, kwa kawaida unatoa kianzio cha asilimia 10, na tangu hapo ukirudi nyuma unaweza kukipoteza chote.

Siku ya kukamilisha, fedha zikifika kwa wakili wa muuzaji, unapewa funguo. Fomu ya kodi ya ununuzi ipelekwe ndani ya siku 14 England, 30 Wales, kisha jina lako liandikishwe kwenye rejista ya ardhi. Yote hayo kwa kawaida ni kazi ya wakili, wewe uliza tu kama yamefanyika. Uskoti utaratibu ni mwingine, na muuzaji ndiye hutangulia kuandaa ripoti ya nyumba. Ripoti ya mkaguzi na vile vyeti viweke faili moja. Benki ya atakayenunua kwako itauliza yaleyale.