Risasi imekwama ndani ya mtutu: namna ya kuitambua na kuitoa

Mlio ukitoka "pu" badala ya "paa", ondoa kidole kwenye kifyatulio papo hapo. Dalili nyingine ni silaha kutokupiga mkononi kama kawaida, slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma) kubaki mahali pake, na shabaha kukosa tundu jipya. Mara nyingi ganda lilikuwa halina baruti, au baruti imeingia unyevu. Kiwashio, kile kidude cha kitako cha ganda kinachowasha baruti, peke yake kinatosha kusukuma kichwa cha risasi sentimita chache, kisha mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu inakibana.

Kosa linaloumiza watu ni mazoea. Bastola ikigoma, mkono unavuta slaidi wenyewe na kufyatua tena. Hapo risasi mpya imeingia nyuma ya ile iliyokwama. Ya pili ikiigonga ya kwanza, shinikizo linapanda ghafla sehemu ile, na mtutu unavimba kama pete au unapasuka.

1. Elekeza mdomo wa mtutu upande salama na usubiri sekunde 30, kwa sababu baruti inaweza kuchelewa kuwaka.

2. Toa magazini, fungua chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu), toa ganda. Hakikisha chemba ni tupu kwa macho na kwa kidole. Kama bado ina risasi nzima isiyotoka, ishia hapo na umwite fundi wa silaha mwenye leseni.

3. Fungua silaha utoe mtutu, kama ni ya aina inayofunguka. Mulika tochi kutokea chemba. Usipoona mwanga upande wa pili, mtutu umeziba.

4. Pima. Ingiza kifimbo kutoka mdomoni hadi kigote, weka alama, kisha fanya hivyo kutoka chemba. Jumlisha vipimo hivyo viwili na utoe kwenye urefu wa mtutu; kinachobaki ni urefu wa kilichokwama. Kichwa cha milimita 9 kina urefu wa milimita 15 hivi; ukipata 30, viko viwili.

5. Dondosha mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili, uache saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha.

6. Tumia kifimbo cha shaba ya njano, ile ya koki za maji, chenye ncha bapa. Kwa mtutu wa milimita 9 chukua cha milimita 8, kwa mtutu wa .308 (kipenyo kwa inchi), cha milimita 7, kwa wa .22, cha milimita 4.8. Kizungushie utepe wa mafundi umeme sehemu mbili ili kisikwaruze mifereji. Bana mtutu kwenye jiriwa yenye vipande vya mbao, kisha gonga. Kwa kawaida kichwa kiko karibu na chemba, hivyo kirudishe kilikotoka. Mapigo yawe machache na thabiti. Kugonga kidogo kidogo kunapanua risasi nayo inazidi kubana.

7. Safisha, halafu mulika tena. Ukiona kivuli cha duara ndani, au kidole kikihisi mwinuko kwa nje, mtutu umevimba. Huo haurekebishwi, unabadilishwa. Risasi zilizobaki za boksi lile ziweke kando, usizitumie.

Maswali

— Mkuu, fimbo ya mbao haifai? Shaba sina.

Haifai, ndugu. Mbao hupasuka kwa urefu, vipande vinajikita kati ya risasi na mtutu kama kabari. Nondo ya chuma nayo inakwangua mifereji.

— Revolva yangu silinda imegoma kufunguka baada ya mlio mdogo.

Kichwa kimekaa nusu kwenye silinda, nusu kwenye mtutu. Vyumba vingine bado vina risasi hai, kwa hiyo usilazimishe wala usikokote nyundo. Iache imeelekea upande salama, mwite fundi.

— Nimechomoa risasi ambayo sijaifyatua, ganda likatoka peke yake na baruti ikamwagika.

Kichwa kilikuwa kimekaa mbele mno, kikanasa mwanzo wa mifereji. Futa baruti yote kwanza, hata ndani ya magazini. Kichwa hicho hutoka kwa pigo moja au mawili ya kifimbo.

— Shotigani ya geji 12, je? Nimesikia habari ya geji 20.

Ni kweli. Risasi ya geji 20 ni nyembamba kuliko ya geji 12; ikitumbukia kwenye geji 12 inapita chemba na kunasa mbele yake, na ya geji 12 inaingia vizuri nyuma yake. Ndiyo maana geji 20 hutengenezwa za rangi ya njano. Hiyo iliyonasa ni hai: usigonge kabisa, acha silaha wazi, fundi aje. Na usichanganye geji mbili kwenye mkoba mmoja.