Nywele zinapungua na hutaki dawa za famasi? Maelekezo ya kinyozi

Kabla hujatoa hela yako Kariakoo kununua kichupa chochote, mwombe kinyozi wako akuangalie kichwa kwenye mwanga. Mimi mteja akiniulizia mafuta ya kuotesha nywele, kwanza namgeuza aelekee mlangoni, kisha napitisha vidole panjani na utosini. Upara wa kiume una njia yake: panja zinapanda, utosi unakuwa mwepesi, kisogo na pembeni panabaki vilevile. Ni mambo ya urithi na homoni inayoitwa DHT, inayofanya kila unywele unaoota upya uje mwembamba kuliko uliotangulia. Ila ukiona kiraka cha duara kimetokea ghafla, au magamba, usaha na mwasho, mafuta weka pembeni. Huenda ni mapunye au kitu kingine kabisa. Muone daktari wa ngozi.

Dawa zenye ushahidi mzito zinajulikana: minoxidil ya kupaka na finasteride ya kumeza. Wateja wangu wengi hawazitaki. Wengine ni bei, wengine wamesikia kwamba finasteride hupunguza nguvu kitandani, na ni kweli huwapata baadhi. Sawa, tuangalie vya pembeni.

Ningeanza na rozimari, mmea wa majani yenye harufu kali. Mwaka 2015 watafiti wa Iran walilinganisha mafuta yake na minoxidil ya asilimia 2 kwa watu 100. Mwezi wa tatu hapakuwa na tofauti yoyote. Mwezi wa sita makundi yote mawili yalikuwa yameongeza nywele. Usishangilie sana, maana minoxidil wanayotumia wanaume wengi ni ya asilimia 5. Na yale mafuta makali ya kichupa kidogo hayapakwi hivihivi: matone 5 kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi yanatosha. Paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri siku mbili. Ngozi ikiwa nyekundu au ikiwasha, acha. Ikitulia, sugua kichwani kwa ncha za vidole, si kwa kucha, kwenye panja na utosi tu. Kisogo chako hakina shida.

Mbegu za maboga nazo zina utafiti wa Korea wa mwaka 2014, mafuta yake miligramu 400 kwa siku kwa wiki 24, na nywele ziliongezeka. Lakini kidonge kile kilikuwa na vitu vingine ndani, kwa hiyo sifa zote usiwape maboga.

Maji ya kitunguu yalijaribiwa Baghdad mwaka 2002 kwa watu wenye viraka vya duara, si upara wa kurithi. Kwa upara wako utaambulia harufu tu, na kwenye daladala utakaa siti peke yako. Mafuta ya nyonyo yanang'arisha nywele zilizopo, kuotesha, sijaona.

Krimu isiyo na lebo, hata muuzaji aape vipi, usiiguse. Nyingine huchanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na mwasho, na ngozi hulainika mpaka ikawa nyembamba. Rola ya sindano, kile kigurudumu chenye visindano cha kupitisha kichwani, usiazimane na mtu, hata kaka yako: inatoa damu, na homa ya ini haichagui ndugu.

Jaribu kitu kimoja kwa wakati, miezi sita. Ukichanganya vitatu hutajua kipi kimefanya kazi. Piga picha ya utosi kila mwezi, saa ileile, dirisha lilelile, nywele zikiwa kavu na urefu uleule. Simu itakuambia ukweli kuliko mkeo, ambaye hataki kukuumiza. Miezi sita ikipita na picha hazijabadilika, usiongeze kichupa.

Wakati unasubiri, mwambie kinyozi ashushe pembeni. Pembeni pakijaa, utosi ndio unazidi kuonekana mtupu. Mashine namba 1 pembeni, juu namba 2, na ndevu ziachwe zijae kidogo kama unazo.