Jinsi ya kulinganisha shore na uyoga wa kwenye gogo

Ukiambiwa linganisha ndege na uyoga usianze na "huyu anaruka, ule hauruki", hapo hujaandika kitu. Chagua viumbe wawili kamili. Mi napenda shore, yule mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia anayepiga kelele toka alfajiri, halafu Schizophyllum commune, kauyoga kama feni, keupe kenye manyoya juu, kanaota kwenye magogo na matawi yaliyokufa. Pembezoni mwa msitu wa Amani, kule Usambara, unawapata wote bila kutembea sana.

Chora jedwali kwenye daftari, maswali kushoto, na kila swali waulize wote wawili vilevile usibadilishe hata neno. Anakulaje? Shore anameza tunda au mdudu, kusaga kunafanyika tumboni. Uyoga unamwaga vimeng'enya kwenye mti, mti unalainika ndo unafyonza, yaani wenyewe unaishi ndani ya chakula chake. Anazaaje? Shore ni dume na jike, mayai mawili au matatu basi, ila uyoga huu una kitu kama jinsia zaidi ya 20,000, nyuzi zake nyembamba (ndo mwili wake ndani ya mti) kutoka magogo mawili tofauti zikikutana karibu kila mara zinaoana!

Swali linalosumbua watu ni hili, mmoja ni yupi? Shore unahesabu vichwa. Feni ishirini kwenye gogo zinaweza kuwa ni mwili mmoja tu, nyuzi zimejaa ndani ya mti, kwahiyo tafadhali usiandike "shore 3, uyoga 20", andika magogo mangapi.

Na uyoga usiuweke upande wa mimea, kuvu, yaani kundi la uyoga na ukungu, wako karibu zaidi na wanyama. Kuta za seli zake zina kitini, ileile iliyoko kwenye gamba la mdudu anayemezwa na shore.

Kiangazi chukua feni moja iliyojikunja, igeuze, ile mistari ya chini utaona imepasuka katikati kwa urefu na kingo zimejikunja kuficha sehemu inayotoa spora, yaani chembe ndogo za kuzaliana. Weka kwenye kisosi na maji kidogo, baada ya muda inafunguka yenyewe, angalia kwa lenzi. Usiionje, na kiota cha shore usikiguse.

Gogo lile lile lirudie baada ya mvua ya kwanza uandike tarehe, shore mfuate saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likishapanda anatulia.