Kumsomea mtoto habari za viumbe kabla ya kulala, anza na mjusi wa ukutani

Mi ni mwalimu wa chekechea Tanga, na nyumbani nina wawili, mmoja mitatu mwingine mitano, bila kusomewa hakulaliki. Nnavyofanya ni hivi.

Hatua ya 1. Chagua kiumbe ambacho mtoto keshakiona. Wengi wanaanza na simba na twiga, sawa, ila mtoto wa mtaani kwetu simba atamwona wapi? Mi nilianza na mjusi kafiri, huyu hapa kila usiku yuko karibu na taa anavizia mbu.

Hatua ya 2. Kitabu. Kama hela hamna, tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili bure kabisa, pakua mchana ukiwa na bando. Ukikosa cha huyo kiumbe wako chora mwenyewe, kurasa nne za daftari zinatosha, wangu wanakipenda hicho kuliko vya dukani.

Hatua ya 3, hapa ndo penyewe. Soma ukurasa mmoja halafu nyamaza, acha waulize. Juzi tumefika pale mjusi anakatika mkia, mdogo akauliza "anaumia?", nikamwambia mkia anauacha mwenyewe, unabaki unarukaruka paka anahangaika nao, yeye huyoo, na baadae unaota mwingine. Basi tukamulika tochi ukutani tukamkuta mmoja mkia mfupi, butu, rangi haifanani na mwili. Kimya! Nikakosea kuongeza kwamba hana kope za kufumba so macho anayasafisha kwa kuyalamba, wee, wakaanza kutoa ndimi nao wayafikie yao, tukalala saa nne. Kwa hiyo tochi iwe kabla ya kusoma, sio baada.

Hatua ya 4. Usitie hofu. Kinyonga hana sumu, na bundi ni mla panya tu, hayo ya mkosi waachie wakubwa (bibi yao ananibishia mpaka leo).

Hatua ya 5. Asubuhi mkitafute mlichosoma. Mvua ikinyesha ni konokono na jongoo, ila wafundishe mapema kwamba tandu na viwavi vya manyoya ni wa kuangalia tu, hawashikwi.

Kitabu kimoja rudia hata wiki nzima, utachoka wewe sio wao. Sasa hivi tuko kwa popo, na swali la jana lilikuwa wakilala kichwa chini neti wanaichomekea wapi.