Kupima oili chafu ujue injini inalika wapi

Washa injini ipate moto sawasawa, izime, kisha fungua nati ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, kabla uchafu haujatulia chini. Acha kama lita moja ipite kwanza, ndipo ukinge mililita 100 za kupeleka maabara kwenye chupa mpya, kavu. Oili ya mwanzo hubeba tope la chini ya sampo. Chupa ya maji iliyosuuzwa nayo hubaki na unyevu, na utaambiwa gasketi ya silinda hedi imeungua, maji yanaingia kwenye oili, kumbe ni chupa.

Kwenye kibandiko andika kilomita za gari, kilomita za oili yenyewe, aina yake na lita ulizoongeza njiani. Hizo za kuongeza wengi huziruka, nazo ndizo zinazopotosha: lita mbili za oili mpya huzimua chembe za chuma, namba ikashuka bila injini kupona.

Majibu ya maabara husomwa kwa sehemu kwa milioni. Chuma hutoka kwenye laina (ukuta wa silinda), kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kemshafti (mhimili unaofungua valvu). Alumini kwenye pistoni. Risasi na shaba kwenye beringi za kranki, ingawa shaba peke yake huweza kutoka kwenye kipoza oili. Silikoni na alumini zikipanda pamoja, shuku vumbi linaloingia na hewa. Kwa magari ya watalii yanayotoka Arusha kwenda Ngorongoro na Serengeti, anzia hapo: pitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira unaotoka kwenye filta ya hewa kwenda kwenye injini. Kikitoka na vumbi, kaza klipu au badili mpira kabla hujafikiria ringi za pistoni. Ila injini iliyofungwa juzi kwa gasketi ya tyubu (gundi ya silikoni) huonyesha silikoni hata bila vumbi, kwa hiyo linganisha sampuli kadhaa za mfululizo.

Mashine ya kawaida ya maabara husoma chembe ndogo sana tu. Beringi inayomeguka vipande inaweza kuipita, majibu yakaja safi. Ndiyo maana filta ya oili nayo ipasuliwe. Msumeno haufai, unga wake utachanganyika na unachokitafuta. Tumia kikata bomba cha kuzungusha. Kunjua karatasi ya filta, isuuze kwa dizeli safi kwenye beseni jeupe, upitishe sumaku ya spika mbovu iliyofungwa nailoni. Kinachonata ni chuma. Kinachong'aa bila kunata ni alumini au beringi. Unga laini kidogo ni wa kawaida. Ukikuta vipande vinavyogonga kucha, gari lisitoke gereji. Shusha sampo ukague beringi, hata kama injini inanguruma vizuri.