Somo: Unatafuta kwa tarehe, hifadhidata inaleta majibu ya ajabu

Rekodi unaiona kwa macho yako, lakini ukiitafuta kwa tarehe yake programu inajibu kwamba hakuna kitu. Au inakuletea za mwezi mwingine kabisa. Usianze kubadilisha amri ovyo. Angalia kwanza kilichohifadhiwa, ndipo ukague unachouliza. Wengi hufanya kinyume na kupoteza mchana kutwa, kwa sababu tarehe inayoonekana kwenye skrini ni maonyesho tu. Chini yake kuna kitu kingine.

Hatua ya 1: Kagua aina ya safu

Fungua muundo wa jedwali. Kama safu (column) ya tarehe imeandikwa TEXT au VARCHAR (aina za maandishi) badala ya DATE au DATETIME (aina za tarehe, ya pili hubeba na saa), umeshampata mchawi. Maandishi hupangwa herufi kwa herufi, kwa hiyo "10/01/2024" hutangulia "2/01/2024", maana 1 iko kabla ya 2. Utafutaji wa "kuanzia hapa hadi pale" hauwezi kutoa jibu la maana hapo.

Weka nakala rudufu, ongeza safu mpya ya aina ya tarehe, kisha hamishia humo tarehe za zamani. Kwa programu ya hifadhidata ya MySQL, na jedwali liitwalo mauzo:

`UPDATE mauzo SET tarehe_mpya = STR_TO_DATE(tarehe, '%d/%m/%Y');`

Ikigoma katikati, shukuru: inakutajia thamani mbovu iliyokataliwa, pengine mtu aliandika 31/02 au "jana". Safu ya zamani iache kwanza hadi uhakikishe.

Mnaotumia programu ya SQLite, ninyi mna mambo yenu. Haina aina maalumu ya tarehe, kwa hiyo andikeni mwaka-mwezi-siku kila mahali (2024-03-05). Kwa mtindo huo mpangilio wa herufi na wa kalenda huwa kitu kimoja.

Hatua ya 2: Siku na mwezi vimebadilishana?

Hapa ndipo penye kesi nyingi, hasa kwa watumiaji wa Access, hifadhidata ya Microsoft. Ukiandika amri ya SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) kwa mkono, Access husoma tarehe iliyo kati ya alama za # kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza, hata kama kompyuta yako umeipanga siku kwanza. Hivyo #05/03/2024# ni Mei 3, si Machi 5. Ila ukiandika #25/03/2024#, inaona hakuna mwezi wa 25, inageuza yenyewe kimyakimya na kukupa Machi 25.

Dalili yake ndiyo hiyo: tarehe 13 hadi mwisho wa mwezi majibu ni sahihi, tarehe 1 hadi 12 ni vurugu. Ukiiona usihangaike kutafuta kwingine. Andika #2024-03-05# na kesi imeisha.

SQL Server, hifadhidata nyingine ya Microsoft, nayo ina kituko chake. Kwenye safu ya DATETIME, hata '2024-03-05' inaweza kusomwa siku kabla ya mwezi kutegemea lugha ya mtumiaji aliyeingia. Iliyo salama ni '20240305', bila vistari.

Hatua ya 3: Saa zilizojificha

`WHERE tarehe BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31'`

Amri hii ya kutafuta mauzo ya Machi inaonekana safi, lakini kama safu inabeba na saa, mwisho wake ni Machi 31 saa 00:00:00. Mauzo ya siku hiyo saa 14:20 yameachwa nje. Andika hivi:

`WHERE tarehe >= '2024-03-01' AND tarehe < '2024-04-01'`

Ule ujanja wa kuongeza 23:59:59 siupendi. Safu inayohifadhi vipande vya sekunde itakuangusha siku moja.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, rekodi zangu za Access zinaonyesha 30/12/1899. Hiyo tarehe hatujawahi kuiingiza.

Jibu: Access huhifadhi tarehe kama namba, na sifuri yake ni Desemba 30, 1899. Namba nzima ni siku, desimali ni saa, 0.5 ni adhuhuri. Rekodi zako zimeingizwa saa bila siku, au sifuri tupu. Kagua fomu ya kuingizia data.

Swali: Natumia YEAR(tarehe) = 2024. Majibu ni sahihi ila inachukua muda mno. Kuna njia?

Jibu: Umeifunga safu ndani ya fanksheni, kwa hiyo faharasa ya kawaida (index, orodha ya kuharakisha utafutaji) haisaidii, hifadhidata inabidi ipige hesabu kwenye kila rekodi. Tumia mtindo wa hatua ya 3, kuanzia '2024-01-01' hadi kabla ya '2025-01-01'. Kama safu haina faharasa, iwekee.

Swali: Nimefuata hatua zote, shukrani. Kimebaki kitu kimoja: zilizoingizwa usiku wa manane zinahesabiwa siku ya nyuma.

Jibu: Seva yako inaandika kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia. Kwa aliye saa 3 mbele yake, mauzo ya 01:00 usiku yameandikwa 22:00 ya siku iliyotangulia. Usibadilishe data, badilisha mipaka ya swali: siku yako ya Machi 5 inaanza '2024-03-04 21:00' na kuishia kabla ya '2024-03-05 21:00'.